Tembo Aliyegoma

Siku moja, tembo wa sarakasi aitwaye Víctor aliamka akatangaza mgomo. Wenzake walisita, kisha wakamuunga mkono. Wanyama wakalishika hema, na zamu ikawa ya binadamu kutembea kwa miguu minne na kuruka pete za moto. Mwenye sarakasi akasalimu amri. Wanyama wakapanda ndege mbili kurudi kwao Afrika: moja ya wote, na ya pili ya Víctor peke yake, kwa ukubwa wa mwili wake.

Hadithi hiyo ni ya Elsa Bornemann wa Argentina. Kitabu chake, Un elefante ocupa mucho espacio, kilitoka mwaka 1975, na mwaka uliofuata kikaingia katika orodha ya heshima ya IBBY, taasisi inayotoa tuzo ya Hans Christian Andersen. Lakini Machi 1976 wanajeshi walikuwa wamepindua serikali. Oktoba 1977 kiongozi wao, Jenerali Videla, akakipiga kitabu hicho marufuku kwa amri ya rais, kwa madai kwamba hadithi zake zinawaandaa watoto kunaswa na waasi.

Ni nchi ileile ambamo watu walikuwa wakichukuliwa majumbani usiku, wasionekane tena. Mama aliyekuwa akimtafuta mwanawe hakupewa hata karatasi moja ya kumjibu. Tembo wa kwenye kitabu alipewa amri yenye nambari.

Mwaka 1979 ikafuata zamu ya La torre de cubos, kitabu cha Laura Devetach. Kilishutumiwa kwa kuhoji mpangilio wa kazi na mali ya mtu binafsi. Shtaka jingine ndilo linaloniuma mpaka leo: kwamba njozi zake hazina mpaka. Mwalimu yeyote wa madarasa ya chini amewahi kuletewa daftari lenye mbuzi wa buluu anayeruka juu ya paa. Humwuliza mtoto anakwenda wapi mbuzi huyo, na hapo mtoto huanza kusimulia. Aliyeandika shtaka lile alitaka swali hilo lisiulizwe.

Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura tunaijua hadithi kama ya Víctor tangu magotini mwa bibi. Mdogo anamshinda mwenye nguvu, watoto wanacheka, na hakuna mzazi aliyewahi kudhani wanafundishwa uasi. Haki mtoto huitambua mwenyewe, hata katika kugawana kipande cha muhogo.

Walimu wa Argentina hawakuacha. Hadithi za Devetach zilipigwa taipu upya, zikadurufiwa, zikasomwa darasani bila jina la mwandishi. Napenda kuiwaza karatasi ile, wino umefifia pembeni, imekunjwa mara nne ili ienee mfukoni mwa mwalimu anayejua akikamatwa nayo itakuwaje. Utawala wa kijeshi ulikoma Desemba 1983. Vitabu vikarudi madarasani, safari hii majina ya wenyewe yakiwa juu ya jalada.