Vikwazo na Damu ya Raia (Sehemu ya Tatu): Magogo ya Buchanan, Dhahabu ya Darfur

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulitazama vikwazo vinavyoibana nchi nzima na vile vinavyomlenga mtu kwa jina lake, tukaishia kwenye Azimio 1591 la mwaka 2005 kuhusu Darfur. Leo ilikuwa zamu ya El Fasher, mji wa Darfur uliotekwa na kikosi cha wanamgambo cha RSF Oktoba 26, 2025, baada ya Umoja wa Ulaya kumwekea vikwazo Abdelrahim Dagalo, naibu kamanda wa kikosi hicho na ndugu wa Hemedti, kamanda wake mkuu. Lakini uzito wa hatua hiyo haupimiki bila kupitia Liberia, na hapo naomba msomaji anivumilie, kwa sababu yaliyotokea huko yamesahauliwa upesi mno.

Machi 2001 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 1343. Charles Taylor, rais wa Liberia, alikuwa akiwapa silaha waasi wa RUF wa Sierra Leone, wale waliokata mikono ya wanavijiji, naye akilipwa kwa almasi. Azimio likapiga marufuku almasi zilizotoka Liberia, likaweka upya marufuku ya silaha, likawazuia vigogo wa serikali yake kusafiri. Mlango mmoja ukaachwa wazi kwa makusudi: magogo.

Misitu ya Liberia ilikuwa ikifyekwa kwa kasi ya kutisha. Kampuni ya Oriental Timber, chini ya Mholanzi Guus Kouwenhoven, iliidhibiti bandari ya Buchanan, na meli zilizokuja kuchukua magogo hazikuja tupu. Mahakama ya rufaa ya Uholanzi ilikuja kuthibitisha kuwa meli iitwayo Antarctic Mariner ilishusha silaha hapo. Wala halikuwa jambo la siri. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilikwisha kumtaja Kouwenhoven kwa jina katika ripoti yake ya Desemba 2000, miezi mitatu kabla ya azimio.

Kwa nini basi magogo hayakuguswa? Wanunuzi wakubwa walikuwa China na Ufaransa, na wote wawili wana kura ya turufu. Hoja iliyotolewa ni kwamba vibarua wa misituni wangekosa riziki. Riziki ya kibarua ni jambo zito, sikatai. Lakini mkulima wa Sierra Leone aliyekatwa mikono yote miwili naye alikuwa na riziki, na jembe lake halikupata wakili New York.

Ilibidi ipite miaka miwili na zaidi. Mei 2003 likaja Azimio 1478, na marufuku ya magogo ikaanza Julai 7. Agosti 11 Taylor akapanda ndege kwenda Nigeria. Sisemi magogo peke yake ndiyo yaliyomng'oa: waasi wa LURD walikuwa wakiishambulia Monrovia, na mashitaka yake katika Mahakama Maalumu ya Sierra Leone yalikuwa yametangazwa mwezi Juni. Ninachosema ni kwamba fedha za vita zilikatwa mwishoni, wakati zilipaswa kukatwa mwanzoni. Taylor alihukumiwa miaka 50 mwaka 2012. Kouwenhoven alihukumiwa miaka 19 mwaka 2017, huku akiwa Afrika Kusini. Mfanyabiashara kuhukumiwa kwa kusaidia uhalifu wa kivita ni jambo adimu mno, na msingi wake ulianza kujengwa na wataalamu wale waliokagua hati za mizigo na safari za ndege huku wakubwa wakiwapuuza.

Sasa Darfur. Aprili 2006 Baraza liliwawekea vikwazo watu 4 tu, mmoja wao Musa Hilal, kiongozi wa wanamgambo wa Janjaweed. Mwaka 2008 Rais Bashir wa Sudan akamteua kuwa mshauri serikalini. Kuanzia 2013 wapiganaji wake walikuwa wakichuma fedha katika machimbo ya dhahabu ya Jebel Amer, jina lake likiwa bado kwenye orodha. Mwaka 2017 Hemedti alimkamata Hilal, na machimbo yakawa chini ya RSF. Orodha ilimtaja mtu, ikaiacha dhahabu.

El Fasher imelipa gharama ya kosa hilo. Shirika la Afya Duniani lilieleza taarifa za kuuawa kwa wagonjwa na waliowauguza zaidi ya 460 katika Hospitali ya Uzazi ya Saudia. Marekani ilikwisha kumwekea vikwazo Abdelrahim tangu Septemba 2023, yaani miaka miwili kabla ya mauaji hayo, na Januari 2025 ikamwekea Hemedti pamoja na kampuni 7 zilizo katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mnunuzi mkubwa wa dhahabu ya Sudan. Kuzibana kampuni hizo 7 ndiyo hatua ninayoipongeza, kwa kuwa angalau inafuata biashara. Baraza la Usalama lenyewe halijawahi kuipiga marufuku dhahabu ya Sudan, na marufuku yake ya silaha mpaka leo inaishia kwenye mipaka ya Darfur, kana kwamba bunduki inayoshushwa nje ya Darfur haiwezi kusafirishwa hadi ndani.