Uvimbe Haufi Njaa

Nimeulizwa tena. Safari hii ni baba mmoja aliyeteremka Same kutoka Chome, mkewe akisubiri kwenda hospitali ya KCMC kupasuliwa saratani ya tumbo. "Daktari, tukimpunguzia chakula, si uvimbe utakufa njaa?" Mama alikwishakatazwa nyama, mayai, maziwa na sukari. Kutwa alikunywa maji ya tangawizi ya kule Mamba yaliyotiwa asali.

Asali ni sukari, ndugu zangu. Tuanzie hapo.

Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hutumia sukari nyingi kupita kiasi. Ni kweli. Lakini ukimnyima mgonjwa chakula, damu yake haikosi sukari: ini huitengeneza, na mwili hubomoa misuli ili kuipata. Misuli ya mapaja, ya mabega, na ile ya kifua inayomwezesha kukohoa akizinduka kutoka nusukaputi. Uvimbe unaendelea kula. Anayekwisha ni mama. Na utumbo ulioungwa hauponi bila protini. Kiungo kikiachia, uchafu humwagika tumboni, na hapo ndipo tunapozika watu ambao kisu kilikwisha kuwasaidia. Tangawizi huweza kutuliza kichefuchefu, basi. Haijengi nyama ya mwili.

Aliyepungua zaidi ya kilo 1 katika kila 10 ndani ya miezi 6 aseme mapema; mara nyingi ni heri alishwe siku 7 hadi 14 kwanza, hata kama upasuaji utasogezwa. Asiyeweza kumeza huwekewa mpira wa kulishia. Uji wa ulezi utiwe maziwa na karanga za kusaga. Mayai, perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, maharage ya kuponda. Baada ya upasuaji, milo midogo 6 kwa siku, ameketi wima, vinywaji nusu saa mbali na chakula. Vitamu vipunguzwe sasa, kwa kuwa huteremka utumboni kwa kasi na kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuhara, uvimbe hauhusiki. Aliyeondolewa tumbo lote atahitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano.

Na makande, ambayo kila Mpare huniuliza kabla hajaaga? Yatarudi, daktari wake akisharuhusu: mahindi yaliyokobolewa, yachemke mpaka yapondeke, atafune polepole, vijiko vichache kwanza.