Michezo ya Zamani ya Video: Je, Ingali na Utamu?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo tunaijua sote, na mara nyingi husema kweli. Lakini leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwaonyesha vyema viwili ambavyo havikujiuza. Vilifika sokoni, watu wakavipita, wakaenda kununua vingine vyenye kelele zaidi. Sasa imepita miaka zaidi ya ishirini. Tumevirudia ili tuone kama kweli ni vyema, au kama vinasifiwa tu na watu wanaokumbuka ujana wao.

Twasema habari ya michezo ya video. Twajua wazazi wengine watakunja uso. Wameona ada ya shule ikiyeyuka katika vyumba vya michezo, na vitabu vikisahauliwa chini ya kitanda. Hawana kosa kukasirika. Hata hivyo, kukasirikia kitu tusichokitazama hakutusaidii. Basi tulikwenda kutazama.

KATIKA CHUMBA CHA MICHEZO

Ilikuwa Jumamosi alasiri, hapa Kalemie. Upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma, na umeme wa Bendera siku ile ulikuwa mwema. Tulikuta vijana kumi na zaidi wamejibana juu ya mabenchi, macho yote kwenye televisheni moja. Mchezo ulikuwa mpira wa miguu. Zidane alimpa Ronaldinho, Ronaldinho akapiga, na chumba kizima kikapiga kelele. Zidane aliacha kucheza mwaka 2006. Wengi wa vijana wale walikuwa hawajazaliwa.

Mashine yenyewe ilikuwa PlayStation 2, iliyotoka Japani mwezi wa Machi mwaka 2000. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na utengenezaji wake ulikoma zamani. Zilizobaki zaishi kwa mikono ya mafundi: huyu asafisha jicho linalosoma visahani, yule aunga waya wa maneti uliokatika.

Tena mashine za namna hii si wageni kabisa kwetu. Ndani yake, kama ndani ya simu, mna tantali, madini yanayotoka katika koltani. Na koltani huchimbwa katika jimbo letu hili la Tanganyika, huko Manono na huko Kisengo katika nchi ya Nyunzu. Mwaka 2000, viwanda vya simu na vya mashine vilipoitaka kwa wingi, bei yake duniani ilipanda ghafula. Mwaka 2001 ikaanguka. Katika mashariki ya Kongo watu waliacha majembe wakaingia mashimoni, nao wenye bunduki wakagombea mashimo hayo. Jasho lilikuwa letu, mchezo ukawa wa wengine. Basi tuna haki ya kuuliza: je, mchezo wenyewe ulistahili?

KIPIMO CHETU

Kipimo tulikipata kwa wazee wetu. Mzee akichimba mashimo madogo mchangani ili acheze bao, au akileta ubao wa kisolo, kama Waluba wanavyouita, hapana aulizaye kama picha zake ni nzuri. Kete ni mbegu tu. Utamu wake ni kuhesabu, kungoja na kumtazama mwenzako usoni. Ndiyo maana bao halizeeki.

Kwa hiyo tuliweka maswali matatu. Kwanza, mchezo wataka nini kwa mchezaji: vidole tu, au akili na moyo pia? Pili, ugeni wake ukiisha, mtu atapenda kuurudia? Tatu, akiinuka, aondoka na nini?

Ule mpira wa Zidane twaupa nusu ya sifa. Ni mtamu bado, kwa sababu wawili hushindana bega kwa bega na wenzao huwashangilia. Lakini wenyewe hauna haja ya kutetewa. Wote waupenda.

MSICHANA MWENYE KAMERA

Mchezo wa kwanza tuliourudia waitwa Beyond Good & Evil. Ulitengenezwa Montpellier, Ufaransa, chini ya Michel Ancel, ukatoka mwishoni mwa mwaka 2003. Siku zile za Noeli maduka yalijaa michezo mikubwa ya vita, nao ukapotea katikati yake.

Ni habari ya msichana Jade, anayeishi katika mnara wa taa kando ya maji pamoja na watoto yatima wa vita. Jeshi lililopo latangaza kwamba lawalinda raia. Kumbe lashirikiana na wale wanaowateka. Jade hupigana kwa fimbo, lakini silaha yake kubwa ni kamera. Apata riziki yake kwa kupiga picha za wanyama, na kwa picha awaonyesha watu ukweli uliofichwa. Tena waweza kuchezwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wanafunzi wetu waisoma shuleni.

Je, wasimama bado? Kwa sehemu. Habari yake yagusa moyo, hasa mahali kama hapa, ambapo tangu mwaka 2016 maelfu ya watu wa jimbo letu walikimbia vijiji vyao, na watoto wengi walikulia kambini. Lakini mchezo una makosa yake. Picha hujigeuza vibaya katika vyumba vyembamba. Penye kunyatia, ukionwa mara moja warudishwa nyuma, na kijana wa leo huchoka. Na mwisho wake waonekana kuharakishwa, kama mhubiri aliyetazama saa. Mwaka 2024 ulitolewa upya kwa mashine za kisasa. Twasema: ni mwema, lakini wataka uvumilivu.

MTOTO MWENYE PEMBE

Wa pili waitwa Ico. Uliongozwa na Mjapani Fumito Ueda, ukatoka mwaka 2001. Wajuzi waliusifu, wanunuzi hawakuufuata. Ueda alikuwa na desturi ya kuondoa kila kisichohitajiwa. Hapana alama za kuhesabu mbele ya macho. Maneno ni machache mno.

Mtoto mwanamume amezaliwa na pembe. Watu wa kijiji chake waamini kwamba mtoto wa namna hiyo huleta mikosi. Wampakia juu ya farasi, wampeleka katika ngome kuu iliyo tupu, wamfungia ndani ya jeneza la mawe, na kuondoka. Jeneza laanguka, mtoto atoka. Mara akuta msichana aliyefungwa katika kizimba, mweupe kama mwanga, asemaye lugha asiyoifahamu. Kazi yote ya mchezo ni hii: kumshika mkono na kumtoa. Mchezaji akibana kitufe, amemshika, akikiachia, amemwacha. Wakikimbia pamoja, maneti hutetemeka mkononi. Vivuli vyaja kumburuta msichana kuzimu, na mwanzoni kijana hana ila kijiti. Hata kuhifadhi mahali mlipofika hakuwezekani mpaka wawili hao wakae pamoja juu ya benchi la mawe.

Mwenye chumba alitupa saa moja. Mwanzoni vijana walicheka. Mmoja alisema, "Baba, hakuna hata bunduki!" Baadaye walinyamaza. Mdogo mmoja, mwenye miaka kama kumi, aliuliza:

"Kwa nini wamemfungia? Amefanya nini?"

"Huoni? Ana pembe," alijibu mkubwa wake.

"Na pembe ni kosa?"

Hapana aliyejibu. Kila mtu mle chumbani alifahamu kwamba hatusemi tena habari za Wajapani. Bibi zetu walikuwa na neno kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, naye aliogopwa kama mkosi. Na hata leo, katika miji ya Kongo, wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mtu alikufa, au biashara ilianguka, na lawama ikatupwa juu ya mdogo asiyeweza kujitetea: ni mchawi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto yakataza kumshitaki mtoto hivyo, na kuweka adhabu. Lakini sheria haiketi kila jioni kwenye mkeka wa kila nyumba.

Mchezo huu nao una kasoro. Kupigana na vivuli ni kule kule tangu mwanzo hata mwisho, na ukikosa kuruka vema waanguka tena na tena. Lakini tukiupima kwa maswali yetu matatu, wasimama. Wataka akili, kwa maana kila chumba ni fumbo. Wataka moyo, kwa maana huwezi kumsahau mwenzako. Warudiwa pia: katika visahani vya Ulaya, aliyemaliza mara moja aweza kuanza tena pamoja na mchezaji wa pili, naye amwendesha yule msichana. Na aliyeinuka siku ile aliondoka na swali.

SHAURI LETU

Wazazi, msimwache mtoto peke yake mbele ya mashine. Wekeni saa, ada ya shule ibaki ada ya shule, kisha mkae naye japo nusu saa mtazame anachocheza. Wanafunzi, mkipata visahani vya zamani, msichague kwa kelele zake. Picha huzeeka upesi kama kitambaa juani. Jambo jema mlilotendeshwa na mchezo halizeeki.

Tulipoondoka, giza lilikuwa likiingia juu ya ziwa. Mle ndani mpira ulikuwa umerudishwa, na kelele zilikuwa kama kwanza. Lakini yule mdogo alitufuata mpaka mlangoni, akauliza lini tutarudi na yule mtoto mwenye pembe, kwa maana tulikuwa tumemwacha ndani ya ngome, naye hajatoka bado. Tumemwahidi Jumamosi ijayo.