Mnada wa mtandaoni: Kwa nini unapigwa bao sekunde ya mwisho?

Umeweka dau kwenye stempu ya Zanzibar ya 1895, siku nzima unaongoza, halafu zikibaki sekunde tatu unapitwa. Hujaibiwa.

eBay humruhusu mnunuzi kuweka kiwango chake cha juu kwa siri. Mfumo humpandishia dau kidogo kidogo pale tu mwingine anapopanda. Mnada hufungwa muda uleule uliopangwa, hivyo wazoefu husubiri mwishoni ili ukose nafasi ya kujibu.

Dawa? Jumlisha nauli ya mzigo na ushuru, kisha weka kiwango ambacho hutakijutia na uachane nacho.

Ila kagua picha kwanza: stempu hizo ni za India zilizogongwa neno "Zanzibar", na neno hilo hughushiwa.