Mkonge Haukuwa Vazi la Wahenga

Kila mwaka shule za Meru na Embu zinapojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, mkonge hupanda hadhi. Nyuzi zake huchanwa, hutiwa rangi na kufungwa kiunoni, kisha mtangazaji akawaarifu watazamaji kwamba hayo ndiyo mavazi ya mababu. Sina ugomvi na mkonge kama maleba ya jukwaani, kwani huchezeka vyema na huonekana kutoka mbali. Ugomvi wangu ni na kauli ya mtangazaji.

Mkonge asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanganyika mwaka wa 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ingali hai. Miaka 13 baadaye Waingereza waliiteka Embu. Wanawake waliowakuta huku walivaa ngozi, hasa ya mbuzi, iliyokunwa, ikasuguliwa kwa mikono hadi ikalainika, ikapakwa mafuta ya mbarika na udongo mwekundu, kisha ikashonwa na kupambwa kwa shanga.

Linalonishughulisha zaidi, nikiwa mwanaisimu, ni maneno. Nguo husafiri na jina lake. Kitambaa cha pamba cha Marekani kilichouzwa Unguja katika karne ya 19 kilituletea neno 'merikani'. Suruali ilitoka Uarabuni, shati na sketi Uingereza. Vivyo hivyo, vazi likiondoka, istilahi zake huondoka nalo. Wagikuyu, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiembu na Kimeru, waliita sketi ya ngozi 'muthuru', na kipande cha mbele kilichovaliwa ndani yake 'mwengu'. Mwombe mwanafunzi wa Nkubu au Runyenjes akutajie vazi hilo kwa lugha ya nyanya yake, aghalabu atakujibu, "Sketi." Je, pindo lake? Mshono wake? Zana ya kutobolea? Hapo hata sketi haitamfaa.

Walimu wenzangu watasema kwamba ngozi ni ghali na inanuka, na kwamba wazazi hawatakubali mabinti zao waache mabega wazi. Hoja hii ya mwisho ni nzito, wala siidharau. Lakini blauzi iliyovaliwa chini ya ngozi haimdhuru mtu, mradi mtangazaji aseme kuwa ni nyongeza. Ile ya gharama ni nyepesi. Mbuzi huchinjwa Maua, huchinjwa Siakago. Wala shule haihitaji mavazi thelathini: moja la kiongozi wa ngoma latosha kwa mwaka wa kwanza, likishonwa kwa mkono na wanafunzi wenyewe. Atakayelivaa atatambua kwamba ngozi ina uzito wake, nayo hailegei kiunoni kama nyuzi. Hatua za ngoma zitabadilika pasipo mwalimu kusema neno.

Kabla ya kukata ngozi, wanafunzi wazuru Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka wa 1974, wachore mitindo na kupima. Kisha aalikwe nyanya mmoja wa kijijini, aliyewahi kuwaona wakongwe wake wakivaa ngozi, aketi nao wakishona. Mmoja wao ashike kalamu badala ya sindano. Aandike kila jina litakalotamkwa, na kando yake aonyeshe kama ni la Imenti, Tigania, Igembe, Chuka au Embu, kwa maana hawasemi sawa. Daftari hilo lipelekwe tamashani pamoja na vazi, nao waamuzi waliombe kabla ngoma haijaanza kulia.