Ugonjwa wa madoa meupe wa samaki

Ugonjwa wa madoa meupe ni ugonjwa wa samaki wa maji baridi unaosababishwa na kidusia mwenye seli moja aitwaye Ichthyophthirius multifiliis. Hutokea katika mabwawa pia, lakini unajulikana zaidi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, kwa sababu ndani ya akwaria (tangi la kioo la kufugia samaki) maji ni machache na kidusia hana haja ya kwenda mbali ili kumpata samaki mwingine. Usipotibiwa unaweza kuua samaki wote wa tangi moja. Hauambukizi binadamu.

Kidusia huyo alielezwa kisayansi na Fouquet mwaka 1876. Jina lake lina maana ya "chawa wa samaki mwenye watoto wengi", ingawa si chawa hata kidogo. Ni siliata, yaani kiumbe wa seli moja anayesogea kwa vinyweleo vifupi vilivyoufunika mwili wake. Chini ya hadubini hutambulikana kwa kiini chake kikubwa kilichopinda kama mwezi mwandamo.

Mzunguko wa maisha

Asiyeujua mzunguko huu huona dawa haifanyi kazi, kumbe ameitumia kwa wakati usiofaa. Kidusia hupita katika hatua tatu.

Katika hatua ya kwanza huishi ndani ya ngozi au matamvua ya samaki, akila seli na majimaji ya mwili. Hapo ndipo huonekana kama doa jeupe la ukubwa wa chembe ya chumvi. Akikomaa hufikia takriban milimita 1. Kwa kuwa amefunikwa na ngozi ya samaki mwenyewe, dawa iliyotiwa majini haimfikii.

Akishakomaa hutoboa ngozi, hutoka na kujishikiza kwenye changarawe, mimea au kioo. Hujitengenezea ganda laini kama ute, na ndani yake hugawanyika mara nyingi hadi kuwa mamia ya vidusia wadogo, pengine zaidi ya elfu moja. Ganda hilo nalo humkinga na dawa.

Hatimaye wadogo hao hutoka na kuogelea wakitafuta samaki. Wasipompata katika muda wa siku mbili hivi, hufa. Hiyo ndiyo hatua ambayo dawa huweza kuwaua.

Mwendo wa mzunguko hutegemea halijoto. Katika nyuzi 25 za Selsiasi humalizika kwa takriban wiki moja au pungufu. Katika nyuzi 10 huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo madoa yakitoweka baada ya siku tatu au nne haina maana kwamba samaki amepona. Vidusia wameanguka chini kwenda kuzaana, na wakirudi huwa wengi mara nyingi zaidi. Mfugaji anayeacha dawa siku hiyo ameiacha ilipohitajika zaidi.

Utambuzi

Kabla ya madoa kuonekana, samaki hujikuna kwenye mawe, hubana mapezi yake na kupoteza hamu ya kula. Matamvua yakishambuliwa, hupumua haraka na kukaa karibu na uso wa maji. Wakati mwingine vidusia huwa kwenye matamvua tu, na samaki hufa bila doa hata moja.

Kuhema peke yake hakutoshi kuthibitisha ugonjwa. Amonia nyingi au upungufu wa oksijeni huleta dalili hiyohiyo, na kumwaga dawa katika maji machafu huongeza madhara. Ni vema kupima maji kwanza.

Si kila doa jeupe ni ugonjwa huu. Dume la samaki wa dhahabu hupata vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na mapezi ya mbele wakati wa kuzaana. Hivyo ni vya kawaida. Utando kama pamba kwa kawaida ni ukungu, na vumbi laini la rangi ya dhahabu huletwa na kidusia mwingine.

Matibabu

Hutibiwa tangi zima, si samaki mwenye madoa peke yake. Kumtoa mgonjwa na kuwaacha wenzake hakusaidii, maana vidusia wamo tayari ndani ya maji na changarawe.

Njia mojawapo ni joto. Maji hupashwa polepole kwa hita, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa, hadi nyuzi 30, ambapo aina nyingi za kidusia huyo hushindwa kuzaana. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu ya hewa ni lazima. Samaki wanaopenda ubaridi, kama samaki wa dhahabu, hawafai kutibiwa hivyo.

Chumvi pia hutumika, mara nyingi gramu 1 hadi 3 kwa lita. Ujazo upimwe, usikisiwe: tangi lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kina cha maji cha sm 25 lina lita 45, hivyo kwa gramu 2 kwa lita huhitaji gramu 90. Chumvi huyeyushwa pembeni na kutiwa kwa mafungu katika siku nzima. Maji yakipungua kwa kukauka, huongezwa maji matupu, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Kambare wasio na magamba na mimea mingi huvumilia chumvi kidogo tu.

Dawa za dukani mara nyingi huwa na formalini au rangi ya kijani ya malakaiti. Zote mbili ni sumu kwa mtu pia, na hiyo ya pili imekatazwa katika nchi nyingi kwa samaki wa kuliwa. Makaa ya kaboni huondolewa kwenye chujio kwanza, la sivyo yatainyonya dawa.

Njia yoyote iendelee siku 10 hadi 14, huku uchafu wa chini ukinyonywa kwa mpira mara kwa mara.

Kinga

Ugonjwa huingia hasa na samaki wapya, mimea au nyavu zenye majimaji. Samaki mpya atengwe kwa wiki mbili hadi nne. Ubaridi wa ghafla hudhoofisha samaki. Katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi na Arusha, tangi lisilo na hita hupoa sana usiku wa Juni na Julai, jambo baya kwa samaki waliotoka maziwa ya Tanganyika na Nyasa, waliozoea maji ya vuguvugu.

Samaki aliyepona hupata kinga, lakini anaweza kubaki na vidusia wachache bila dalili. Ndiyo sababu mara nyingine wenyeji wa tangi huonekana wazima huku wageni wakiugua.