Kaakaa Nalo Ni Kitambulisho

Wengi wetu tuliosoma isimu tulilijua kaakaa kwenye fonetiki: sauti hii ya ufizi, ile ya kaakaa gumu, nyingine ya kaakaa laini. Wa zamani watakumbuka ule mchezo wa kupakwa ulimi mkaa uliosagwa na mafuta ya zeituni, unatamka neno, halafu unatiwa kioo kinywani ionekane ulimi umegusa wapi. Mimi baadaye niliiacha isimu nikaangukia kwenye meno, na ndiyo kazi inayoniweka huku Uingereza. Kaakaa ni lilelile, lakini huku tunaliuliza swali jingine: wewe ni wa nani?

Hebu pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu. Utakutana kwanza na kinundu kidogo cha nyama katikati, kisha mikunjo inayokwenda kulia na kushoto, mfano wa mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Kila upande mara nyingi ipo mitatu mpaka mitano. Huumbika mtoto akiwa bado tumboni, kati ya wiki ya 12 na ya 14 ya mimba, na baada ya hapo huongezeka urefu kadiri taya linavyokua, lakini mpangilio wake hubaki. Wa kulia haufanani na wa kushoto, seuze wa mtu na mtu.

Wazo la kumtambua mtu kwa mikunjo hii ni la zamani. Harrison Allen wa Marekani alilitoa mwaka 1889, na Mhispania Trobo Hermosa akaupa uchunguzi huu jina mwaka 1932. Lysell mwaka 1955 aliipanga kwa urefu: unaozidi milimita 5 ni mkunjo mkuu, wa 3 mpaka 5 ni wa pili, wa 2 mpaka 3 ni kipande tu. Kisha Thomas na Kotze wa Afrika ya Kusini, mwaka 1983, wakaendeleza mpango huo pamoja na maumbo: ulionyooka, uliopinda, wa mawimbi, wa duara, na ile miwili inayoungana au mmoja unaogawanyika. Kwa kazi ya kutambua mtu, lakini, majina haya hayana uzito sana. Watu chungu nzima wana mkunjo wa mawimbi! Kinachofanya kazi ni kuweka umbo la kaakaa la marehemu kando ya umbo lililochukuliwa akiwa hai, ukafuata mkunjo baada ya mkunjo.

Mtu atauliza, kwa nini tuhangaike na nyama wakati meno ni magumu zaidi? Kwanza, wazee wengi hawana meno. Pili, kaakaa limejificha vizuri sana. Mbele lina midomo na meno, pembeni mashavu yenye mafuta yake, chini ulimi uliojaa maji. Mwaka 2005 watafiti wa India walichunguza walioungua vibaya uso mzima, wakakuta kwamba kwa wengi wao mikunjo ilisalimika. Hata hivyo ni nyama, na nyama huoza. Baada ya siku kadhaa, na kwa joto la Mombasa au Maskati ni upesi zaidi, huna tena cha kusoma, umebaki na mifupa na meno.

Sasa niseme jambo ambalo vipindi vya upelelezi vya televisheni havilisemi. Elimu hii ya kutambua watu kwa vya kinywani ilipata nguvu Paris, tarehe 4 Mei 1897, pale soko la hisani liitwalo Bazar de la Charité lilipowaka moto wakafa watu zaidi ya 120, wengi wao wanawake wa tabaka la juu. Miili mingine ilikuwa haitambuliki hata kwa ndugu. Wakaitwa madaktari wa meno waliokuwa wakiwatibu, wakaja na kumbukumbu zao, na hivyo ndivyo alivyotambuliwa Duchess wa Alençon, dada wa malkia wa Austria. Mwaka uliofuata Oscar Amoedo, daktari wa meno wa Kikuba aliyekuwa akifanya kazi Paris, alitoa kitabu kizima juu ya meno na sheria. Tuangalie vizuri hapo: yule bibi hakutambuliwa kwa meno peke yake, ametambuliwa kwa meno pamoja na daftari. Bila daftari, kinywa chenye dhahabu kinabaki kinywa cha mtu asiyejulikana.

Hapo ndipo penye shida yetu. Huko kwetu mtu huenda kwa daktari wa meno jino likishamtesa, linang'olewa, anarudi nyumbani, na kilichoandikwa ni risiti. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Kaakaa lisingefaa kitu, muda ulikuwa umeshapita. Meno yalikuwepo, lakini ya kulinganishwa nayo yangetoka wapi? Ikabidi kutegemea vinasaba, na vinasaba navyo vinataka jamaa ajitokeze atoe sampuli, ilhali kuna nyumba ambazo mama na watoto walikwenda pamoja.

Na jambo hili si la polisi tu. Mauti yasipothibitika, mjane hajui aanze lini eda, mirathi haigawanywi, na mama hana kaburi la kusomea Yasini.

Isieleweke lakini kwamba kinywa kisicho na faili hakisemi kitu. Kinaweza angalau kupunguza idadi ya wanaotafutwa. Meno yenye madoa ya kahawia yatokanayo na floraidi ya maji huelekeza kwenye sehemu kama Arusha na kando ya Mlima Meru. Meno mawili ya mbele ya chini yaliyong'olewa zamani hukumbusha desturi ya Wamaasai. Chonge ambazo hazikuota sawasawa huenda ni matokeo ya ile balaa ya kumkwangua mtoto mchanga ufizi eti ana "meno ya plastiki". Hizo ni dalili za kuanzia upelelezi, jina halitoki hapo.

Nina hofu zaidi na wanaovuka mpaka upande wa pili. Alama za midomo, ambazo Wajapani Suzuki na Tsuchihashi walizipanga mwaka 1970, zilikubaliwa na mahakama ya rufaa ya Illinois mwaka 1999 katika kesi ya mauaji. Miaka baadaye hukumu ile ikatenguliwa. Alama za kuumwa ni mbaya zaidi. Arizona kuna mtu aliyehukumiwa kifo mwaka 1992 kwa madai kwamba meno yake ndiyo yaliyomuuma marehemu, akaja kuachiwa mwaka 2002 vinasaba vilipoonyesha mtu mwingine. Mwaka 2023 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa ripoti kwamba uchambuzi wa alama hizo hauna msingi wa kutosha wa kisayansi. Ngozi hunyooka na kuvimba, haihifadhi alama kama plasta. Kumpa marehemu jina lake kwa faili ni kazi moja, na kumtia hatiani aliye hai kwa doa la ngozi ni nyingine kabisa, ingawa zote hufanywa na daktari yuleyule. Kaakaa lenyewe silitukuzi kupita kiasi: Interpol hutegemea vitu vitatu kwanza, alama za vidole, meno na vinasaba. Kaakaa ni shahidi wa kuunga mkono.

Shahidi huyu, hata hivyo, ni rahisi kumweka tayari. Mwenye mzazi anayevaa meno bandia ya juu, asiyatupe ya zamani anapopata mapya, kwa sababu upande unaokaa juu ya kaakaa mara nyingi umechapa mikunjo yake yote. Na jina au namba yaandikwe ndani ya meno yenyewe. Fundi hufanya hivyo kwa dakika chache, na yako majimbo ya Marekani yanayolazimisha. Aliyewahi kuvishwa waya za kunyoosha meno aombe umbo lake la plasta au nakala ya skani, akijua kwamba matibabu hayo, khasa yakiambatana na kung'oa meno, huweza kusogeza kidogo mikunjo iliyo karibu na meno. Wa tatu kutoka mbele ndio hutulia zaidi.

Asiye na vyote hivyo apigwe picha. Kioo kiwekwe nyuma kabisa ya magego ya juu, taa itoke pembeni ili mikunjo itupe kivuli, rula ndogo yenye milimita ionekane, na picha ianzie kwenye kile kinundu cha mbele mpaka gego la kwanza pande zote mbili. Iandikwe tarehe, ikae kwa mtu wa pili wa familia, si kwenye simu ya mwenyewe.